Mwalimu Asiye na Sauti

Kila jioni akirudi kutoka madrasa, Hadeel alivua buibui lake, akalitundika nyuma ya mlango, akamwamkia bibi yake aliyekuwa akichambua mchele ukumbini, kisha akanywa chai ya maziwa na mahamri yaliyobaki asubuhi. Baada ya hapo aliingia chumbani akaketi sakafuni, karibu kabisa na soketi. Hapo ndipo ilipokaa simu kuukuu ya kaka yake Amir, aliyekwenda kusoma chuo kikuu huko Eldoret. Kioo chake kilikuwa na ufa na betri yake haikukaa na chaji, kwa hivyo haikuweza kutumika ila ikiwa imechomekwa kwenye umeme.

"Hadeel!" bibi aliita kutoka ukumbini.

"Abee, bibi."

"Wasoma ama wacheza?"

"Nasoma, bibi. Nasoma Kiingereza."

"Haya, Mungu akufungulie."

Ni kweli alikuwa akisoma. Hadeel alikuwa gredi ya nane katika shule moja karibu na Frere Town. Hesabu alizipenda, na insha zake za Kiswahili zilisomwa mbele ya darasa. Lakini Kiingereza kilimtoa jasho. Muhula wa kwanza alisimamishwa asome kwa sauti, akalitamka neno moja vibaya, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku ile, kila Mwalimu Pascalia alipotafuta mtu wa kusoma, Hadeel aliinama chini ya dawati akijifanya ameangusha kalamu.

Mwalimu Pascalia aliliona hilo. Muhula wa pili ulipoanza aliliambia darasa hivi:

"Muda tulio nao hapa hautoshi. Nataka kila mmoja ajisomee Kiingereza mwenyewe kwa kutumia mtandao. Asiye na simu nyumbani atatumia vishikwambi vya shule. Mwisho wa muhula mtanipa maoni yenu. Msiniambie yale mnayodhani nataka kuyasikia. Niambieni kipi kiliwafaa, kipi hakikuwafaa, na kwa nini."

Watoto walifurahi. Musyoka, ambaye baba yake alikuwa dereva wa winchi bandarini, alichagua video za mafunzo. Carolyne, rafiki ya Hadeel na jirani yake wa dawati, alichagua mchezo wa maneno ambao ukijibu vizuri unapewa nyota. Hadeel alitafuta kwa siku kadhaa, hadi akapata programu moja iliyowakutanisha watu wanaojifunza lugha kutoka kila pembe ya dunia.

Kabla ya kumfungulia, programu ilimuuliza mwaka wake wa kuzaliwa. Iliandikwa wazi kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi. Hadeel alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kidole chake kilisita juu ya kioo. Kisha akachagua mwaka mwingine, mwaka wa mtu mzima, akabonyeza. Programu ikafunguka palepale. Hakuna aliyemuuliza tena.

Hivyo ndivyo alivyokutana na Mwalimu Anna.

Picha yake ilionyesha mwanamke mwenye miwani, anayetabasamu, nyuma yake kuna kabati la vitabu. Aliandika kwamba aliwahi kufundisha Uingereza, sasa amestaafu, na anapenda kuwasaidia wanafunzi wa Afrika bila malipo. Hadeel akiandika sentensi, Mwalimu Anna aliisahihisha upesi na kwa upole. Hakumcheka hata mara moja. Hadeel alipomuuliza kwa nini wasizungumze kwa sauti, alijibu kwamba kipaza sauti chake kimeharibika, na kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi kwa kuandika. Hadeel alishusha pumzi. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimtia hofu.

Na wallahi, Kiingereza chake kilipanda. Siku moja Mwalimu Pascalia aliuliza swali, na Hadeel akajikuta ameinua mkono bila kufikiri. Alijibu sentensi nzima, haikuwa na kosa. Carolyne alimfinya paja kwa furaha.

Mwalimu Anna alianza kumpa insha. Kwanza "Nyumba Yetu." Halafu "Kazi ya Baba Yangu." Halafu "Njia Ninayopita Kwenda Shule." Hadeel aliandika kwa bidii, kamusi ikiwa magotini. Alieleza nyumba yao ilipo, hapa Kisauni, mlango wake wa kijani na msikiti ulio nyuma yake. Alieleza duka la baba yake, Yeslam, lililoko barabara kubwa, linalouza feni, redio na majiko ya gesi. Mwalimu Anna alisahihisha, kisha akaongeza: "Mwandishi mzuri haachi kitu. Eleza zaidi." Akaomba pia picha ya Hadeel akiwa amevaa sare, ili amjue mwanafunzi wake. Hadeel akapiga, akatuma.

Insha ya mwisho ilikuwa "Siku ya Ijumaa Kwetu." Hadeel aliandika kwamba adhuhuri baba hufunga duka, huja nyumbani kuoga na kuvaa kanzu, hutundika funguo za duka kwenye msumari wa mlango wa jikoni, kisha huenda msikitini. Mwalimu Anna akauliza: "Na nani hubaki nyumbani?" Hadeel akajibu: "Bibi yangu peke yake. Mama huwa kazini Nyali. Anauza dawa kwenye duka la dawa."

Mwalimu Anna aliisifu insha ile kuliko zote.

"Huyo mwalimu wako mbona auliza sana mambo ya kwenu?" Carolyne alimwambia siku moja walipokuwa wakinunua viazi karai nje ya shule. "Mimi mchezo wangu unaniuliza tu kama tembo ni mkubwa kuliko panya."

"Ndiyo maana Kiingereza chako kimebaki pale pale kwa panya," Hadeel alimjibu kwa hasira.

Carolyne alicheka, lakini Hadeel hakucheka. Mwalimu Anna alikuwa amemwonya kwamba wenzake wataona wivu, na kwamba ni vyema masomo yao yabaki siri.

Jumatano moja, muhula ulipokaribia kwisha, Hadeel aliketi karibu na soketi kama kawaida. Ujumbe ulikuwa unamsubiri. Mwalimu Anna alisema atafika Mombasa, na Ijumaa angependa kupita nyumbani kwao amwone, akauliza kama bibi atakuwepo kumfungulia mlango.

Hadeel aliusoma mara mbili. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha shaka ikamwingia. Mtu atoke Uingereza, aje Kisauni, tena Ijumaa, wakati yeye mwenyewe yuko shule? Akaandika kwa adabu: "Asante, Mwalimu. Nitamwambia mama yangu kwanza."

Jibu lilikawia. Lilipofika halikuwa maandishi. Ulikuwa ujumbe wa sauti.

Hadeel aliubonyeza, akaipeleka simu sikioni. Kilichotoka ni sauti ya mwanamume. Ilikuwa sauti nzito yenye mkwaruzo, na ilisema Kiswahili.

"Sikiza wewe mtoto. Humwambii mamako, humwambii babako. Ulidanganya umri, hilo ni kosa, na picha yako ya sare ninayo. Ukifungua mdomo, wa kwanza kushikwa ni wewe. Shule naijua, njia yako naijua. Nyamaza tu, na hakuna atakayeumia."

Simu ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Hadeel alibaki ameketi vile vile, mgongo umeganda ukutani. Hapakuwa na Anna. Hapakuwa na kabati la vitabu wala mwanamke wa miwani. Miezi yote ile alikuwa akimwandikia mwanamume huyu, akimweleza mlango wa kijani, na msumari, na funguo.

"Hadeel! Mbona kimya?" bibi aliita.



Hadeel aliiokota simu akaifuta programu yote. Kwa kitambo alijiona ameokoka. Halafu wazo likamjia: ameifuta programu, hakumfuta yule mtu. Aliyoyajua, bado anayajua.

Baba aliporudi kutoka dukani, walikula wali na mchuzi wa samaki wote pamoja. Hadeel alizungusha tonge sahanini bila kulipeleka mdomoni. Pikipiki ilipita nje. Akashtuka hadi maji yakamwagika.

"Waumwa, mwanangu?" baba alimuuliza.

"Kichwa tu, baba."

"Ni hiyo simu," mama akasema. "Macho kutwa kwenye kioo."

Hadeel alimtazama mama, na maneno yakamfika kwenye ulimi. Lakini aliisikia tena ile sauti: wa kwanza kushikwa ni wewe. Akajiona amesimama mbele ya polisi, baba yake ameinamisha kichwa kwa aibu. Akayameza maneno pamoja na maji.

Alhamisi alikwenda shule kwa njia ya mbali, akizunguka nyuma ya soko. Kila mwanamume aliyeshika simu alikuwa ndiye. Aliyesimama kununua muhogo wa kukaanga alikuwa ndiye. Aliyemuuliza saa alikuwa ndiye, na Hadeel alikimbia bila kumjibu. Darasani alikaa ametazama lango la shule. Carolyne alimwandikia kwenye kipande cha karatasi: "Kuna nini?" Yeye akakikunja, akakitia mfukoni.

Ijumaa ikafika, siku ya kutoa maoni.

Asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, Hadeel alisimama mlangoni akamtazama bibi akipepeta mchele. Alitaka kumwambia afunge mlango asimfungulie mtu. Lakini bibi angeuliza kwa nini.

"Enda, utachelewa," bibi alimwambia. "Leo nakupikia biriani, maana wewe hula kama ndege siku hizi."

Darasani watoto walikuwa na shauku. Musyoka alisimama wa kwanza. Alisema video zilimfaa kwa sababu angeweza kumrudisha mwalimu nyuma hata mara kumi na mwalimu asikasirike. Tatizo lake ni bando, maana baba yake alilalamika kwamba video zinakula pesa kuliko watoto. Darasa likacheka. Fidel alisema ametumia programu inayosahihisha tahajia, lakini ameona haimfundishi. "Inanirekebishia, mimi nabonyeza tu," alisema. "Mkinipa karatasi na kalamu, makosa yote yanarudi." Mwalimu Pascalia alitikisa kichwa kwa kuridhika. Carolyne alisema mchezo wake ulimpa maneno mengi, ila haukumpa mtu wa kuzungumza naye, na lugha bila mtu ni kama kula chakula kisicho na chumvi.

"Hadeel Yeslam," Mwalimu akaita.

Hadeel alisimama. Alianza kwa Kiingereza, na alianza vizuri hata wenzake wakanyamaza kumsikiliza. Alisema alipata programu ya kuzungumza na watu. Alisema iliondoa aibu yake. Alisema alikuwa na mwalimu.

Hapo akakwama.

Kutoka msikiti wa jirani, adhana ya kwanza ya Ijumaa ilikuwa ikipanda. Hadeel aliisikia kana kwamba yatoka ule msikiti wa nyuma ya kwao. Baba amefunga duka sasa. Baba anavaa kanzu. Sasa hivi atatundika funguo.

"Endelea, Hadeel," Mwalimu alisema.

Machozi yalimtoka kabla ya neno. Alipofungua mdomo, kilichotoka ni Kiswahili.

"Mwalimu, nisaidie. Bibi yangu yuko peke yake nyumbani, na kuna mtu anakuja. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Pascalia alimshika bega akamtoa barazani, akainama hadi macho yao yakalingana.

"Niambie polepole. Nani anakuja?"

Hadeel alimwambia yote, kuanzia mwaka wa uongo hadi ujumbe wa sauti. Alingoja kukaripiwa. Mwalimu hakumkaripia. Alitoa simu yake akasema, "Nipe namba ya baba."

Simu ya baba ilikuwa imezimwa. Alikwisha kwenda msikitini.

"Ya mama."

Mama alipokea. Mwalimu alimweleza kwa maneno machache, na Hadeel aliisikia sauti ya mama yake ikipanda upande wa pili. Bibi hakuwa na simu, kwa hivyo mama alisema atampigia jirani yao, Mwanarehema, ambaye nyumba yake ilitazamana na mlango wa msikiti, amwite Yeslam. Mwalimu mkuu naye alibaki ofisini akizungumza na kituo cha polisi. Mwalimu Pascalia akaliacha darasa, akampungia mkono mwenye tuktuk, akapanda na Hadeel.

Hadeel hakuwahi kuiona barabara ile ikiwa ndefu namna ile. Tuktuk ilikwama kati ya mikokoteni ya maji na magari, hata hotuba ya Ijumaa ikamalizika misikitini wakiwa bado njiani. Hadeel alishika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili. Moyoni alikuwa akirudia dua moja tu: bibi, usifungue, bibi, usifungue.

Walishuka kwenye kona. Pikipiki nyekundu ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango wa kijani.

Mlango ulikuwa wazi.

Hadeel alisimama kama aliyepigiliwa ardhini. Mwalimu alimshika mkono. Wakasogea hadi ukutani, na kutoka ndani wakasikia maongezi.

"Kunywa maji ya ndimu, mwanangu, jua kali," bibi alikuwa akisema. "Umesema Yeslam ndiye aliyekutuma?"

"Ndiye, mama. Kuna mzigo umekuja dukani, na yeye yuko swalani. Kaniambia nichukue funguo hapa, zimetundikwa mlango wa jikoni."

Ilikuwa sauti ile ile, nzito, yenye mkwaruzo.

"Ni yeye," Hadeel alinong'ona. Hakujua kama Mwalimu amemsikia.

"Haya, basi ngoja nikutolee," bibi akasema, na ndara zake zikasikika zikiburuzika kuelekea jikoni.

Mwalimu Pascalia alipiga hodi akaingia. Mwanamume alikuwa ameketi ukumbini, glasi mkononi, kofia ngumu ya pikipiki magotini. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi. Mtu yeyote angemkaribisha. Alimtazama Mwalimu kwa tabasamu. Kisha macho yake yakateremka hadi kwa msichana wa sare aliyesimama nyuma yake, na tabasamu likakauka. Alimkazia macho tu, na polepole akaweka kidole mdomoni.

Kwa Hadeel ilikuwa kana kwamba yuko tena sakafuni, karibu na soketi. Ndipo bibi alipotokea jikoni, kitita cha funguo kikilia mkononi mwake, akamnyooshea yule mtu.

"Bibi, usimpe!" Hadeel alipiga ukelele ambao hakujua kama anao. "Muongo! Hakutumwa na baba! Ni mwizi, bibi, usimpe!"

Bibi akaurudisha mkono kifuani. Mwanamume aliruka, glasi ikapasuka sakafuni. Alimpiga kumbo Mwalimu Pascalia akatoka mbio kuelekea pikipiki. Lakini pale nje, swala ilikuwa imekwisha, na Mwanarehema, aliyeogopa kuingia peke yake, alikuwa amesimama mlango wa msikiti tangu alipopokea simu, akimngoja Yeslam atoke. Sasa walikuwa wakija pamoja, na nyuma yao wanaume wa mtaa wamejaa kichochoro. Kijana aliwasha pikipiki, ikakohoa ikazima. Aliwasha tena. Mikono ikamshika.

"Asipigwe!" Yeslam alipaza sauti. "Nasema asiguswe hata kofi. Polisi wanakuja."

Hadeel hakutazama. Alikuwa amemkumbatia bibi yake, uso wake umezama kwenye leso, analia kwa kwikwi. Bibi naye alikuwa akimpapasa kichwa.

"Yarabi salama," bibi alikuwa akirudia. "Nami nilimpa maji ya ndimu."

Afisa wa polisi wa kike alikuja nyumbani alasiri, mama akiwa amekwisha kurudi kutoka Nyali. Aliketi na Hadeel, wazazi wakiwa pembeni, akamuuliza maswali bila haraka. Akawaambia kwamba kwenye simu ya yule kijana wamekuta picha ya mwanamke wa miwani, na insha za watoto wengine, kutoka Utange hadi Likoni. Kila mmoja alikuwa amemweleza nyumba yao.

"Ni mimi niliyemleta, baba," Hadeel alisema afisa alipokwenda. "Nilidanganya umri. Nikamweleza habari zako, na za duka, na za bibi. Nishike basi, unipige."

Hadeel aliona ndevu za baba zikicheza jinsi alivyokuwa akiuma meno.

"Umekosa," alisema mwishowe, "na sitakwambia hukukosa. Lakini sikiza, mwanangu. Yule mtu ana makosa yake, na ni makubwa kuliko yako; usiyabebe wewe. La kwako ni ule uongo. Wajua ulikufanyia nini? Ulikufunga mdomo. Toka Jumatano ulikuwa na mimi mezani, na mama yako, na bibi yako, na usiweze kusema. Yeye alijua hivyo. Hakuwa na kufuli jingine la kukufungia ila lile ulilompa mwenyewe."

"Nilidhani utakasirika."

"Nimekasirika," baba alisema, akamvuta karibu. "Hata ukijua nitakasirika, niambie. Hasira zangu hupoa. Wewe ukipotea, nitakupata wapi mwingine?"

Simu ya Amir haikutupwa. Mama aliihamishia ukumbini, na yeye na Hadeel waliketi pamoja wakaangalia kila programu: inamtaka mtu wa umri gani, inauliza nini, nani aweza kumwandikia. Kazi hiyo ilichukua siku nzima ya Jumamosi, na mama mwenyewe alijifunza mengi.

Usiku wa Jumapili Hadeel alikuwa bado anashtuka akisikia pikipiki. Lakini Jumatatu alipofika shule alimwendea Mwalimu Pascalia, akamwambia anataka kumaliza maoni yake.

Alisimama mbele ya darasa. Alizungumza Kiingereza, na pale kilipomshinda akatumia Kiswahili, bila aibu. Alisema kwamba programu ilimsaidia kweli, na hatakataa hilo. Alijifunza maneno, aliondokewa na hofu ya kukosea. Kisha akasema kwamba aliingia mahali pasipokuwa pa watoto kwa kudanganya, na kwamba mtu asiyeonyesha uso wala sauti si mwalimu, hata akisahihisha vizuri vipi. Akaeleza yaliyotokea.

Carolyne hakumwambia "nilikwambia." Alimsogezea nafasi kwenye dawati akamshika mkono.

Mwalimu Pascalia alisimama mbele yao.

"Nimesikia maoni yenu yote," alisema, "na sitawaambia muache mtandao. Musyoka ameelewa masomo kwa video. Hadeel amepata ulimi. Mtandao ni soko: kuna bidhaa nzuri humo, na kuna wezi humo, na hakuna mzazi anayemtuma mtoto sokoni bila kumwonyesha njia. Mimi niliwatuma bila kuwaonyesha, na hilo nitalirekebisha. Ninyi nawaomba jambo moja. Kujisomea peke yako si kukaa na siri peke yako. Mtu akikwambia usimwambie mzazi wala mwalimu, hapo hapo ndipo pa kuja kutuambia. Hata kama umedanganya. Hata kama una aibu. Hata kama umetishwa unyamaze."

Kengele ililia. Watoto walianza kukusanya vitabu, wakitoka kwa makundi, wakinong'ona. Darasa lilipobaki karibu tupu, Hadeel aliona kwamba msichana mmoja wa dawati la nyuma, Lynnette, hajainuka. Alikuwa ametazama mikono yake. Midomo yake ilikuwa imekauka, na Hadeel akaijua ile hali kwa kuitazama tu.

"Mwalimu," Lynnette alisema kwa sauti ndogo. "Mimi pia niko na mtu kama huyo. Ameniambia nisiseme."

Mwalimu Pascalia aliweka vitabu mezani. Hadeel alirudi hadi dawati la nyuma, akaketi kando ya Lynnette, mabega yao yakagusana.

"Sema tu," alimwambia. "Tuko hapa."